Tembe ya Guka Si Githeri

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, Guka alisimama mbele ya kanisa kuomba, akaomba sekunde tisa, akasema amina, akatoka mbio kwa mlango wa kando.

Usipite hapo haraka. Rudia. Sekunde tisa.

Guka ni babu yangu, mzee wa kanisa letu hapa Yamumbi, na maombi yake yanajulikana mpaka mtaa wa Pioneer. Ikitangazwa kwamba ndiye atakayeombea chakula, mama mwenye akili hurudisha sufuria jikoni. Guka huombea mvua, kisha humkumbusha Mungu aizuie mahindi yakianza kukauka. Huombea waendesha boda boda mmoja mmoja, kwa rangi za kofia zao. Niliwahi kusinzia akiwa bado kwa Adamu, nikaota ndoto ndefu yenye mwanzo, kati na mwisho, nikaamka nikampata ndio anawavusha Waisraeli bahari. Kwa hivyo siku hiyo ya sekunde tisa kanisa zima liliitikia amina kwa furaha ambayo hata Krismasi haijawahi kutupa. Mimi ndiye niliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilidhani ni muujiza. Kumbe ilikuwa dawa ya presha.

Lakini kabla sijaendelea naona umekunja uso, unajiuliza huyu msichana wa kidato cha nne, mwenye miaka kumi na saba na soksi zisizofanana, anapata wapi ujasiri wa kumwita mtu "mwanangu". Swali zuri. Mvi sina. Lakini mtoto ninaye. Ana miaka sabini na nne, kichwa kimekuwa cheupe, na ukimpikia mchicha anausukuma kando ya sahani.

Ni hivi. Kwetu Wakikuyu mtoto hapewi jina kwa sababu linasikika tamu. Hupewa jina la mtu wa ukoo, na jina huja na cheo chake. Mimi niliitwa Njoki, jina la mama mzazi wa Guka, na Njoki maana yake ni aliyerudi. Basi tangu nikiwa kwa nepi Guka huniita Mama. Si mchezo, ni heshima kamili. Akitoka mjini hunipa peremende kwa mikono miwili. Mimi nami cheo hicho nimekitumia vibaya kadiri ya uwezo wangu. "Kijana, umenawa mikono?" namuuliza, naye hujibu, "Nitanawa, Mama." Nikiwa kidato cha kwanza niliitwa ofisini kwa kosa ambalo halina haja ya kutajwa hapa, nikaambiwa nilete mzazi. Guka akaja na koti lake la Jumapili, akamsikiliza mwalimu mkuu mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: "Nimesikia, mwalimu. Lakini huyu ni mama yangu. Mimi nitamchapaje?"

Kwa hivyo ukinisikia nikisema mwanangu, jua nimezoea kumwambia mtu aliyenizidi miaka hamsini na saba. Wewe ni nani ukatae?

Turudi kwa sekunde tisa.

Guka alikuwa na presha kwa muda mrefu, na alikuwa akinywa tembe mbili tofauti kila siku. Mwaka huu, kliniki ya Pioneer anakokwenda, daktari akambadilishia. "Mzee, hizi ni dawa mbili mpya ndani ya tembe moja," akamwambia. "Usihangaike tena na pakiti mbili." Guka akafurahi, akarudi nyumbani akituonyesha ile tembe kwenye kiganja utadhani ni jino la dhahabu.

Wiki ya tatu mambo yakaanza. Kwanza kikohozi. Kikohozi kikavu, hakina makohozi, hakina homa, kho kho kho ya mbuzi aliyemeza kipande cha kamba. Kilikuwa kinamvizia: Guka akinyamaza kinanyamaza, akifungua tu mdomo, "Baba wa m—", kho! Shosho, yaani bibi yangu, akasema ni baridi ya mwezi wa saba. Akachemsha tangawizi, akachemsha limau, akachemsha majani ya mkaratusi akamfunika Guka blanketi juu ya mvuke mpaka mzee wa watu akatoka mwekundu akinuka duka la dawa ya mafua. Kikohozi kikabaki palepale.

Pili, kizunguzungu. Akiinuka kwenye kiti kwa haraka anashika ukuta kwanza, anasimama hapo kidogo, anajifanya anaangalia kalenda.

Tatu, ng'ombe.

Hapa lazima nieleze, mwanangu, kwa maana hili ndilo lililotuponza. Mzee wa rika la Guka hasemi haja ndogo mbele za watu. Yeye husema, "Ngoja nione ng'ombe." Tuna ng'ombe mmoja tu, na ng'ombe huyo maishani mwake hakuwahi kutembelewa namna hiyo. Asubuhi Guka anamwona, chai haijapoa anamwona, habari za saa saba hazijaisha anamwona. Nilianza kuhesabu kwa utundu tu: mara kumi na moja kwa siku. Na Jumapili ile, kabla tu ya kuitwa mbele kuomba, alikuwa amemnong'onezea Shosho "nakuja, naona ng'ombe," na kanisani kwetu hakuna ng'ombe. Ndiyo sababu ya sekunde tisa. Mtu hawezi kuwavusha Waisraeli bahari wakati bahari yake mwenyewe imefika ukingoni.

Utasema, si angemwambia daktari? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wahenga hawakuwa na daktari kama wetu. Daktari Jepkoech ni msichana mdogo, mrembo, rika la shangazi yangu mdogo. Guka akiulizwa, "Mzee, dawa inakusumbua popote?" anakaa wima na kujibu, "Niko sawa kabisa, daktari." Kumwambia msichana habari za mkojo kwake kulikuwa sawa na kuvua suruali pale katikati ya mji, mbele ya benki, siku ya mwisho wa mwezi. Afadhali afe na koti lake.

Sasa jambo lililokuwa linaniuma mimi. Kila mwaka shule yetu hufanya siku ya maombi ya watahiniwa. Wazazi wanakuja, kidato cha nne tunakaa mbele, kalamu zinainuliwa juu zinaombewa. Na anayefunga maombi hayo ni Guka, miaka yote, tangu baba yangu akiwa mtahiniwa hapo. Aliwaombea shangazi zangu, akawaombea binamu zangu wote, kila mmoja kwa jina na kwa somo linalomshinda. Mwaka huu ilikuwa zamu yangu. Nimecheka maombi ya Guka tangu nizaliwe, lakini yangu nilikuwa nayangoja. Nilikuwa hata nimemwandalia orodha: hesabu, halafu hesabu tena, halafu fizikia.

Jioni ya Jumapili ile nilikuwa nakamua maziwa nikawasikia jikoni.

"Nitamwambia mwalimu mkuu atafute mtu mwingine," Guka alikuwa akisema. "Siwezi kusimama mbele ya watoto nikikohoa na kukimbia."

"Na Njoki?" Shosho akauliza.

Guka akakohoa, kisha akasema: "Au niache hii tembe kwanza. Afadhali presha kuliko aibu."

Nilisimama pale na ndoo, maziwa yakinipoa mkononi, na moyo wangu wa mama ukaamka. Nikaapa mtoto wangu hataaibika. Laiti ningeishia kuapa.

Mwanangu, mjinga asiye na shule hana madhara makubwa. Mwogope mjinga mwenye alama nzuri za kemia. Mimi muhula huo nilikuwa nimepata A ya kemia, na nilikuwa natembea nayo kila mahali, hata kwenye banda la ng'ombe. Nikatoa ile karatasi ndogo iliyo ndani ya pakiti, ile iliyokunjwa mpaka ukiikunjua huwezi kuirudisha tena, nikaisoma. Ikasema kati ya dawa zile mbili, moja inaweza kuleta kikohozi kikavu. Nyingine huondoa maji mwilini, hivyo mtu hukojoa zaidi. Kizunguzungu pia kilikuwa kimetajwa. Yote yalikuwa pale! Na mwisho karatasi ilisema, kwa maneno yanayosomeka kabisa, ukiona haya mwambie daktari wako.

Mstari huo niliuruka. Niliona ni wa watu ambao hawana A.

Badala yake nikaitazama tembe. Katikati ilikuwa na mfereji, mstari ulionyooka, na upande mmoja ulikuwa na herufi. Akili yangu ikawaka. Dawa mbili ndani ya tembe moja, si ndivyo alivyosema daktari? Na mstari katikati? Basi hii ni nyumba ya vyumba viwili! Chumba hiki analala kikohozi, chumba kile anakaa ng'ombe, na ukuta ndio huo. Kazi ni kufukuza mpangaji mmoja.

Nikachukua wembe.

Kila asubuhi nikawa nampa Guka nusu yenye herufi. Nusu nyingine nikaiweka kwenye mkebe wa majani chai, maana kwetu hakitupwi kitu. Guka aliitazama ile nusu kiganjani siku ya kwanza, akanitazama mimi.

"Mama, hii imepungua?"

"Kunywa, kijana. Nimesoma."

Na akanywa. Bila swali la pili. Hilo ndilo mpaka leo likinijia darasani naacha kuandika kidogo.

Wiki ilipoisha nilihesabu: ng'ombe alitembelewa mara sita tu. Sita! Kizunguzungu kikapungua. Nilimwambia jirani yangu wa dawati ajiandae kuniona kwenye gazeti. Kikohozi tu ndicho kilikuwa kimekataa kuhama, nikasema labda nimekosea chumba, nikahamia nusu zile zisizo na herufi. Mvumilivu hula mbivu, nikajiambia, na mtafiti hula zaidi.

Ikafika Jumatano moja. Nilitoka shule nikamkuta Guka ameketi juu ya debe lililopinduliwa nje ya banda, amejishika kichwa kwa mikono miwili. Nikaona nimtanie.

"Kijana, leo unamwona ng'ombe kweli?"

Hakuinua kichwa. Akasema polepole, "Mama, leo naona ng'ombe wawili."

Nikachungulia bandani. Tuna ng'ombe mmoja.

Sikumwita mtu wa kushauriana naye. Nilikimbia barabarani nikasimamisha boda boda, tukampakia Guka katikati, mimi nyuma nimemkumbatia nisimwache ainame, mgongo wake ukiwa na moto kupitia koti. Njia nzima mpaka Pioneer nilikuwa nasema moyoni maombi ya sekunde tisa, moja baada ya nyingine. Nilijua tayari ni wembe wangu. Mtu hujua, mwanangu. Usidanganywe kwamba mkosaji huwa hajui.

Daktari Jepkoech akamfunga Guka ile mashine mkononi, ikavimba, ikapumua. Akaitazama. Akamfunga mkono mwingine. "Mia moja tisini na mbili," akasema, na hakutabasamu. Siku zote kitu kama hicho kingenifanya niulize alama ya kupita ni ngapi. Siku hiyo nilimshika tu Guka mkono.

"Mzee, dawa unakunywa kila siku?"

"Kila siku. Mama hunipa."

"Mama yupi?"

Guka akaninyooshea kidole, mimi hapo na sare ya shule na tai imeenda upande. Daktari akaniangalia, akamwangalia Guka, nikaona anataka kuandika kwamba mzee amechanganyikiwa. Nikaeleza haraka habari za jina. Akatikisa kichwa.

"Sawa, Mama Mzazi. Unampa ngapi?"

"Nusu."

Nikaona heri niseme yote: kikohozi, karatasi, mfereji, vyumba viwili, mpangaji, mkebe wa majani chai. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nadharia yangu ilivyozidi kunuka, kama samaki unayemweleza mtu kuwa ni wa jana. Daktari hakunifokea. Laiti angefoka. Alivuta kiti akaketi mbele yangu.

"Githeri unakula?"

"Kila siku, daktari. Shuleni hakuna kingine."

"Ukitaka kutoa maharagwe ubaki na mahindi, unaweza?"

"Naweza. Hata leo nimetoa."

"Na uji wa wimbi na mahindi, ukishaiva, ukitaka kutoa wimbi?"

Nikaona mtego, lakini nilikuwa nimeshaingia mzima mpaka mkia. "Haiwezekani."

"Basi sikia. Hii tembe si githeri. Ni uji. Hakuna upande wa hii dawa na upande wa ile. Zimesagwa pamoja, zimechanganywa pamoja. Ukikata nusu, umempa nusu ya zote mbili. Huo mstari ni wa mtu ambaye daktari amemwambia akate. Wewe nani alikuambia?"

A yangu ya kemia ilikuwa imetoka nje, nadhani ilienda kuona ng'ombe.

Kisha akamgeukia Guka. "Na wewe, Mzee. Hii kikohozi ni ya lini?"

"Ni baridi tu."

"Kitu ingine inakusumbua?"

Guka akakaa wima, palepale kitandani, kichwa kikimgonga, macho yakiona madaktari wawili, akasema: "Niko sawa kabisa, daktari."

Hapo, mwanangu, ndipo nilipojua kwa nini nilipewa lile jina. Nikasimama.

"Kijana!"

Akashtuka.

"Mbele ya daktari hatudanganyi. Utasema au niseme?"

Guka akatazama sakafu. Mzee wa kanisa, mtu anayesimamisha jua kwa maombi, akachezesha kifungo cha koti kama mtoto wa chekechea. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Sema wewe, Mama."

Nikasema. "Daktari, mtoto wangu alikuwa anaona ng'ombe mara kumi na moja kwa siku."

"Mko na ng'ombe wangapi?"

"Mmoja."

Daktari akaandika, akasita, akafuta. Nikamweleza ng'ombe ni nani. Alijaribu kujizuia, maskini, midomo ikamcheza, kisha akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Guka akamtazama, akaona msichana hakufa kwa kusikia, wala yeye mwenyewe hakufa kwa kusemwa, akaanza kucheka naye, akacheka akikohoa na kukohoa akicheka.

Kilichofuata kilikuwa chepesi mpaka kikanitia aibu upya. Kikohozi hicho, daktari alisema, kinajulikana. Watu wengine hukipata na dawa ya aina hiyo, wengine hawakipati, na ipo dawa nyingine inayofanya kazi ileile bila kukohoza. Atapewa tembe moja mpya yenye hiyo pamoja na ile ya kuondoa maji. Ile ya kuondoa maji, kukojoa ndiyo kazi yake, na mwili ukizoea huwa afadhali. Lakini si lazima tembe inywewe asubuhi ya kanisa: atakuwa anainywa saa saba mchana, kila siku, Jumapili ikiwemo. Asiinywe jioni, isije ikamnyima usingizi. Na akitaka kuinuka, akae kwanza ukingoni, ahesabu mpaka kumi, ndipo asimame.

"Hiyo tu?" Guka akauliza.

"Hiyo tu. Kila shida uliyonayo iko na dawa, Mzee. Isipokuwa siri. Dawa ya siri hatuna."

Alimlaza pale mpaka usiku, wakimpima kila mara, na akaniambia wazi, kando, kwamba isiposhuka anampeleka hospitali kubwa mjini, na kwamba tungechelewa siku chache huenda Guka angekuwa hanyanyui mkono mmoja. Namba ikashuka kidogo kidogo. Mimi nilikaa kwenye benchi nikisoma ile karatasi ya pakiti tena, safari hii pamoja na mstari niliouruka.

Guka aliniita karibu. Nilitarajia aninyamazie, maana akinyamaza ni mbaya kuliko fimbo. Lakini akasema:

"Njoki wa kwanza hakujua kusoma hata jina lake. Nikiwa mdogo nilipata homa, akapewa dawa chungu aninyweshe. Mimi nikawa natapika. Unajua alifanya nini? Hakupunguza, hakuongeza. Alinifunga mgongoni akatembea nusu siku kurudi kwa yule mtu wa zahanati, akamuuliza, 'Mtoto ameikataa, nifanyeje?' Aliuliza kwa sababu alijua hajui." Akanishika mkono. "Wewe umesoma, Mama, na mimi najivunia. Lakini usome mpaka mahali pa kuuliza. Na usinikate nusu tena."

Nililia. Ungekuwa pale ningekuambia ni vumbi la boda boda.

Kikohozi hakikuondoka siku hiyo hiyo. Kiliondoka kama mgeni wa kwetu: kinaaga, kinakaa tena, kinaaga mlangoni, kinaaga kwenye lango. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya maombi ilikuwa wiki saba baada ya siku ile ya kliniki, na Guka alikuwa bado hajamjibu mwalimu mkuu. Wiki ya tano akasimama kanisani kujaribu. Dakika kumi na mbili! Vijana wakaguna, kina mama wakawaza sufuria zao, na Shosho akajifuta macho kwa ncha ya leso. Tukitoka nje Guka akaniambia, "Mama, mwambie mwalimu wako nakuja."

Na akaja.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Sisi watahiniwa mbele, kalamu mkononi. Guka alipoitwa hakuinuka. Alisogea ukingoni mwa kiti akatulia, midomo ikicheza. Watu wakadhani uzee umemzidi. Mimi nilijua anahesabu. Saba, nane, tisa, kumi. Akasimama wima, hakugusa ukuta wala kalenda.

"Baba wa mbinguni..."

Nikafumba macho nikangoja kho. Haikuja. Ikaja sentensi. Ikaja nyingine, zikaja kwa ukoo. Akaombea kalamu zisikauke. Akaombea wasahihishaji wawe wameshiba wakifika kwenye karatasi zetu. Akaombea wapishi wa shule. Akamwombea mtahiniwa anayepanga kunakili kwa jirani, Bwana amtie ukungu machoni kidogo tu, asiumie. Jua likahama dirisha la kwanza likaingia la pili. Akanitaja mimi: hesabu, halafu hesabu tena, halafu fizikia. Akamwombea Daktari Jepkoech apate mume mwenye masikio. Harufu ya githeri iliyokuwa ikitoka jikoni ikaanza kupotea.

Mwalimu mkuu akatazama saa. Akatazama tena. Akakohoa, kile kikohozi cha wakubwa cha kumwambia mtu amalize. Kho. Guka akaendelea. Kho kho, kwa nguvu zaidi.

Guka akafungua jicho moja.

"Na umponye mwalimu mkuu kikohozi hicho kikavu, Bwana," akasema. "Na kama ni dawa anayokunywa inamletea, asione haya. Aende akaulize."

Ukumbi ulipasuka. Watahiniwa tulicheka mpaka kalamu zikaanguka, wazazi wakacheka, mwalimu mkuu mwenyewe akafunika uso na karatasi ya ratiba, mabega yakimtikisika. Nikamwona mzee mmoja nyuma akimgeukia mkewe, akishika kifua chake, akimwambia kitu kwa makini. Guka akangoja kelele zitulie, akafunga lile jicho, akaomba dakika nyingine kumi na tano. Zote kwa pamoja zilikuwa arobaini na moja. Nilihesabu. Hakukohoa hata mara moja, na hakumwona ng'ombe yeyote. Amina yake niliiitikia kwa sauti kubwa kuliko ile ya sekunde tisa, na safari hii nilijua ninachoshangilia.

Tulikula githeri baridi. Sijawahi kula tamu kama ile. Saa saba na robo Guka akatoa pakiti mfukoni, akatoa tembe nzima, akanionyesha kwanza kwenye kiganja, akainywa. Baadaye akaniinamia sikioni: "Mama, sasa naweza kwenda kuona ng'ombe?"

"Nenda, mwanangu," nikamwambia.

Basi nawe sikia, wewe uliyekaa hapa kunisikiliza ukijifanya unangoja sehemu za kuchekesha. Kama kwenu kuna mtu anakunywa dawa ya presha, mtazame. Akianza kukohoa bila mafua, akishika ukuta akiinuka, ng'ombe wake wakizidi, usimchekelee tu kama mimi, na usiwe daktari wa wembe kama mimi. Usimpunguzie, usimwachishe, usimwongezee. Mshike mkono mwende kwa aliyempa dawa, na kama yeye anaona haya, sema wewe. Ulimi wako mchafu ambao walimu wanaulalamikia uliwekwa hapo kwa siku kama hiyo. Nawe ukipewa kitu usichokijua, kisome mpaka ule mstari unaosema uliza, kisha uliza. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuwa na jibu kabla ya swali.

Na sasa inamisha kichwa nikubariki, ni dakika moja tu, mimi si Guka. Moyo wako upige polepole. Wazee wako wakae mpaka uchoke na hadithi zao, na wakichoka wao uziombe tena. Ukiombewa, uombewe kwa kirefu mpaka chakula kipoe. Na siku utakapozeeka ukaenda kuona ng'ombe, umkute ng'ombe kweli, na awe mmoja.